Vipindi vya kwanza chuo kikuu Ujerumani: wiki mbili nilivyozipanga

Chuo kikuu cha Ujerumani hakikukimbizi. Kwenye mihadhara mingi hakuna karatasi ya mahudhurio, hakuna testi ya kwanza wala ya pili, na hakuna atakayekuuliza mbona huonekani. Kwa sisi tuliosoma shahada ya kwanza Tanzania, tuliozoea kusaini jina na kusukumwa na kozi waki, utulivu huo unadanganya. Mtu anakaa tangu Oktoba akijiona yuko sawa, Februari inafika anaambiwa hana sifa ya kuingia chumba cha mtihani. Inaniuma kuona vijana wenye akili nzuri wakikwama hapo, kwa sababu kinga yake iko ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mimi wiki hizo nilizielekeza kwenye kupata kikundi cha mazoezi ya masomo na kujua masharti ya mtihani wa kila somo. Vitabu vilifuata baadaye.

Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, ila mihadhara ya vyuo vikuu huanza katikati ya mwezi huo na kuendelea hadi Februari. Vyuo vya sayansi tumizi, Fachhochschule, kwa kawaida hutangulia. Ukihamia kwenye chumba chako una wiki mbili za kujiandikisha makazi kwenye ofisi ya mji, kwa hiyo angalia usije ukaweka miadi ya ofisi hiyo saa ileile ya mhadhara wa kwanza. Miadi inaweza kuhamishwa. Mhadhara wa kwanza haurudiwi, na nitaeleza kwa nini una uzito.

Kwanza soma ratiba yako vizuri. Ikiandikwa "10 c.t." mhadhara unaanza saa nne na robo asubuhi na kwisha saa sita kasorobo, yaani dakika 90. Ikiandikwa "10 s.t." ni saa nne kamili, na mitihani mara nyingi huandikwa hivyo. HS ni ukumbi wa mihadhara, SR ni chumba cha semina, EG ni usawa wa ardhi, UG ni chini ya ardhi. Vyumba vyangu vyote nilivizungukia kabla vipindi havijaanza, maana kitivo kimoja kinaweza kuwa na majengo yaliyotawanyika mji mzima na robo saa ile haitoshi kama hujui njia.

Intaneti ya chuo ni eduroam. Inakwama kwa wengi kwa sababu wanaingiza jina la mtumiaji bila ile sehemu ya @ na anwani ya chuo, au wanaiunganisha kwa mkono wakaruka cheti cha usalama. Sakinisha programu ya geteduroam ukiwa bado kwenye intaneti nyingine, chagua chuo chako, ingiza jina kamili na nywila. Simu na kompyuta zitajiunga zenyewe.

Sasa mhadhara wa kwanza. Mhadhiri anaweza asifundishe kitu kigumu siku hiyo, na ndiyo maana watu huudharau. Lakini hapo ndipo hutolewa nywila ya ukurasa wa somo kwenye Moodle au ILIAS (mifumo ya masomo ya mtandaoni), siku ya kufunguliwa kwa usajili wa mazoezi, na asilimia ya alama za mazoezi unayohitaji ili uruhusiwe kufanya mtihani. Kaa safu za mbele, hasa kama Kijerumani bado kinakusumbua au lafudhi ya mhadhiri ni ngeni kwako. Angalia pia tarakimu za ubaoni: 1 yao ina mkono mrefu unaopanda na hufanana na 7 yetu, na 7 yao hukatwa kwa mstari katikati. Mkato ndio nukta ya desimali, kwa hiyo 3,5 ni tatu na nusu, wakati 1.500 ni elfu moja mia tano. Ukichanganya hapo, hesabu yote ya karatasi ya mazoezi inaharibika ukiwa umeelewa somo vizuri tu. Mhadhara ukiisha, wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Ndiyo makofi yao, gonga nawe.

Kiini cha mambo ni mazoezi, yaani Übung. Kwa masomo ya hisabati, kompyuta na uhandisi, mhadhara hukupa nadharia, ila uwezo wa kufaulu unajengwa kwenye mazoezi. Usajili wa vikundi unaweza kufunguliwa jioni ileile ya mhadhara wa kwanza, na vikundi vyenye saa nzuri hujaa haraka sana. Nilikuwa na chaguo la kwanza, la pili na la tatu tayari kwenye karatasi, kila moja likiwa limelinganishwa na ratiba ya masomo mengine, ili mfumo ukifunguka nisianze kutafakari.

Kila wiki inatoka karatasi ya maswali, unaikusanya wiki inayofuata. Sharti la kawaida ni kupata walau asilimia 50 ya alama zote za muhula. Chukua mfano wa karatasi 12 zenye alama 40 kila moja: jumla ni 480, unahitaji 240. Ukikosa mbili za mwanzo kwa sababu bado unahangaikia chumba na benki, zimebaki alama 400, na sasa unahitaji asilimia 60 ya kila karatasi. Karatasi za mwanzo ndizo rahisi. Ukizipoteza, unakwenda kuzitafuta alama hizo kwenye maswali ya Januari, ambayo hata wenyeji huyalalamikia.

Mara nyingi mnaruhusiwa kukusanya mkiwa wawili au watatu. Wenzako wengi wamesoma pamoja tangu shahada ya kwanza na watajipanga haraka, kwa hiyo usingoje kualikwa. Mgeukie aliye jirani yako mhadhara ukiisha, umuulize: "Hast du schon eine Abgabegruppe?", yaani kama tayari ana kikundi cha kukusanyia. Aghalabu hana, au kikundi chake kina nafasi. Kila mmoja ajaribu maswali yote peke yake kwanza, kisha mkutane kulinganisha. Mkigawana maswali mtapata alama, lakini mtihani utawaumbua, na msimamizi wa kikundi anaweza kukuita ubaoni ueleze jibu lililo na jina lako. Andika jina, namba ya usajili na namba ya kikundi juu ya kila ukurasa, skani zote ziwe PDF moja, pakia jioni ya siku moja kabla. Picha za simu zilizotawanyika zinaweza kukataliwa, na saa ya mwisho ikipita mfumo hufunga.

Kuhusu idadi ya masomo: mpango rasmi ni krediti 30 kwa muhula, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Moduli ya krediti 6 basi ni saa 150 hadi 180, na za darasani hazifiki nusu. Nashauri wiki mbili za kwanza uhudhurie moduli moja zaidi ya unazokusudia, kisha uache ile isiyokufaa. Mihadhara ya kawaida huachwa bila adhabu ilimradi hujajisajili kwa mtihani wake. Semina na maabara huwa na masharti yao, uliza kabla. Kama una ufadhili, hakikisha krediti zinazobaki zinatosheleza mkataba wako.

Hapo ndipo watu wetu huteleza: kujisajili kwa somo si kujisajili kwa mtihani. Usajili wa mtihani una dirisha lake, mara nyingi kwenye mfumo mwingine kabisa, na dirisha likifungwa mazoezi yote uliyofanya hayatakuingiza chumbani. Wiki ya kwanza nenda kwenye tovuti ya ofisi ya mitihani, Prüfungsamt, uandike kwenye kalenda tarehe ya kufungua, ya kufunga na ya mwisho ya kujitoa. Alama ya juu ni 1,0, kufaulu kunaishia 4,0, na 5,0 ni kufeli, kinyume kabisa na GPA yetu. Ukishajisajili kisha usipotokea na huna cheti cha daktari, unapata 5,0. Vyuo vingi hutoa nafasi tatu kwa mtihani mmoja. Ya tatu ikipotea kwenye somo la lazima, umedisko, na kwa kawaida hutapokewa kwa kozi hiyohiyo chuo kingine cha Ujerumani.

Mitihani ya miaka iliyopita iulizie kwa umoja wa wanafunzi wa kitivo, Fachschaft, mapema. Na ukimaliza kujisajili, pakua PDF yenye orodha ya mitihani yako, linganisha namba ya kila moduli na ile ya kwenye Modulhandbuch, yaani kitabu cha maelezo ya moduli, uihifadhi. Ikitokea jina lako halipo kwenye orodha ya chumba, karatasi hiyo ndiyo utakayowaonyesha Prüfungsamt.