Jarida letu la wanaotengeneza vitu Tanga

Tanga inatengeneza vitu vingi kuliko wenyewe tunavyojua. Saruji inatoka Pongwe, maziwa ya wafugaji wadogo yanasindikwa na Tanga Fresh, chokaa inachomwa upande wa Amboni, misaji ya msitu wa Longuza inageuka milango na vitanda kwenye karakana za Ngamiani, na mashambani mkonge bado unapita kwenye korona, mashine ya kukwangua majani yake ili zibaki nyuzi. Lakini ingia dukani ukaulizie geti au mashine ya kukoboa iliyotengenezwa hapahapa, utaambiwa usubiri mzigo wa Dar. Fundi wake yupo barabara ya tatu kutoka hapo. Jambo hilo liliniuma muda mrefu, na ndilo lililozaa jarida.

Tulianza watu wachache, wote kwa kujitolea: mwalimu wa ufundi, mpiga picha wa harusi, binti anayesomea uhasibu, na mimi ninayehariri. Hakuna anayelipwa mpaka leo. Kitu cha kwanza tulichokubaliana ni kwamba picha ya jalada itakuwa ya kitu kilichotengenezwa au ya mikono inayokitengeneza, na wala haitakuwa ya mgeni rasmi akikata utepe. Magazeti yana nafasi ya kutosha kwa hotuba. Fundi anataka kusoma kuhusu kazi, na mnunuzi anataka kujua kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani, kina ukubwa gani, kinachukua muda gani, na ampigie nani simu.

Toleo la kwanza tulilitoa kwa mkonge, maana Tanga na mkonge havitengani. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 zikaja enzi za miaka ya 1960 mwanzoni, ambapo nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla kamba za plastiki hazijaliangusha soko. Historia hiyo tuliiandika kwa aya moja. Kurasa zilizobaki tuliwapa watu walioko kazini sasa.

Nendeni mkaione korona ikifanya kazi. Majani yanapangwa kwenye mkanda, yanabanwa, ngoma yenye visu butu inayaponda na kuyakwangua upande mmoja, halafu ngoma ya pili inamalizia upande uliobaki, maji yakimwagika muda wote. Kelele ni kubwa, mnaongea kwa ishara, na harufu ya maji ya mkonge inaganda kwenye nguo. Kilo 100 za majani zinatoa kilo 4 hivi za singa kavu, yaani nyuzi. Zinaanikwa kwenye nyaya, zikikauka zinapigwa brashi, zinapangwa madaraja, kisha zinafungwa marobota ya kilo 250. Mama mmoja wa kwenye nyaya alimshika mpiga picha wetu mkono, akauweka juu ya singa mbichi. "Shika hapa, mwanangu. Ukisikia utelezi ujue haijaoshwa vizuri. Ikikauka inabaki na madoa, daraja linashuka." Maneno yake tuliyaweka juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa. Ninaamini kwamba katika toleo lile lote hakuna sentensi iliyoheshimu kazi kuliko ile.

Karakana za mjini zilikuwa na ugumu wake. Ukiingia na daftari na kamera, fundi anadhani umetumwa na watu wa kodi. Tuliona dawa ni kwenda mara ya kwanza mikono mitupu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Unakaa kwenye benchi, unaangalia kazi, ukiitwa kushika upande wa pili wa bomba unashika. Daftari linatoka siku nyingine, na kamera baadaye zaidi. Kwa kukaa hivyo unajifunza pia la kuuliza. Anayekereza vyuma hujibu kwa mkato ukimuuliza "changamoto ni zipi", lakini muulize amepataje chuma cha kuchongea shafti, hapo utakaa mpaka adhuhuri.

Utaratibu ninaoutetea kuliko mwingine wowote ni huu: kila makala inasomwa kwa sauti mbele ya fundi aliyeandikwa, kabla haijakwenda kwa mchapaji. Fundi wa mashua alitusimamisha mara kadhaa. Tuliandika mataruma, yaani mbavu za mashua, yanafuata mbao za ubavuni, akasema hapana, kwake taruma linatangulia kwa sehemu na ubao unalifuata, na akaeleza kwa nini. Hana mchoro wowote. Vipimo vyake ni vya mkono na jicho. Tulipima mashua nzima kwa futi, kuanzia mkuku, ule uti wa chini, mpaka tezi kule nyuma, tukachapa vipimo vyake na vyetu sambamba. Alipoviona kwenye karatasi aliita vijana wake wote waje kusoma.

Mambo ya ofisini nitayapitia haraka. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka chapisho la namna hii liwe na leseni, kwa hiyo anayetaka kuiga aanze na hilo kabla ya kuita waandishi. Jarida la kubana kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, na ukilijua hilo mapema hutakata habari ya mtu dakika za mwisho. Gharama ya uchapaji inalipwa na matangazo ya maduka ya vifaa na wauza mbao. Tangazo linakaa kwenye ukurasa wake. Aliyelipia hapati makala kwa sababu hiyo, na asiyelipa hanyimwi. Binti wa uhasibu anachapa mapato na matumizi kwenye jalada la nyuma kila toleo. Hilo limetuletea imani kubwa kuliko maneno yoyote.

Nakala tunazipeleka pale fundi anaposubiri: duka la bolti, mashine ya mbao, kijiwe cha kahawa, ofisi ya mabasi ya Lushoto na Handeni. Nakala moja ikisafiri hadi Korogwe inasomwa na watu wengi kabla haijachakaa.

Msindikaji mmoja wa machungwa Muheza alikuwa na mashine iliyosimama kwa kukosa gia ndogo, akisubiri ya kuagizwa. Aliona ukurasa wa mkerezaji wa Ngamiani, akaja na gia iliyovunjika kwenye mfuko wa plastiki. Ilichongwa hapa. Sasa mkerezaji yule na mchomeleaji jirani yake wanatengeneza mashine nzima ya kukamua machungwa, na wametuomba tuwape kurasa mbili wakishaijaribu msimu ujao. Tutawapa, ila tutaandika inakamua lita ngapi kwa saa baada ya kusimama wenyewe na saa na ndoo. Kabla ya hapo linakuja toleo la chokaa ya Amboni; mwalimu ameshakwenda kukaa na wachomaji mara ya kwanza, bila daftari.