Nilivyoandika programu ya kuuliza saa kwa UDP

Shangazi ana mashine ya kutotolesha vifaranga kwenye chumba cha uani, Morogoro. Yai la kuku linataka joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, kwa hiyo nilimfungia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye kipima joto iwe inaandika joto kila dakika. Asubuhi moja akanipigia.

"Mwanangu, umeme ulikatika usiku. Hebu angalia kwenye hicho kidude, ulikatika saa ngapi, ukarudi saa ngapi?"

Nikafungua faili. Saa 8:14 usiku, joto 37.6. Mstari unaofuata: saa 7:17 usiku, joto 31.2. Saa ilikuwa imerudi nyuma karibu saa nzima, na joto limeshuka nyuzi sita kati ya mstari na mstari. Sikuwa na jibu la kumpa, na mayai yalikuwa siku ya 16. Liliniuma.

Pi niliyotumia haina saa yenye betri yake. Ikizimika ghafla, huwaka na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho kwenye kadi, kisha husubiri intaneti imrekebishie. Mfumo wenyewe una programu ya kazi hiyo, lakini ruta yetu huchukua dakika kadhaa kushika mtandao, na programu yangu ya joto huwa imeshaanza kuandika. Nikaamua programu hiyo hiyo iulize saa yenyewe, na mpaka ipate jibu la kuaminika, ihesabu tu sekunde tangu ilipowaka. Saa halisi ikipatikana, mistari iliyosubiri inapewa saa zake kwa kurudi nyuma.

Saa ya intaneti huulizwa kwa NTP, utaratibu wa kompyuta kuulizana saa, na NTP husafiri kwa UDP, njia nyepesi ya kutuma ujumbe mtandaoni, kupitia poti (mlango wenye namba) 123. Nilianza kwa kusoma RFC 768 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), maelezo ya UDP aliyoyaandika Jon Postel mwaka 1980. Ni kurasa tatu tu, na naziheshimu sana. Kichwa cha datagramu, yaani pakiti moja ya ujumbe, ni baiti 8: poti ya mtumaji, poti ya mpokeaji, urefu, na namba ya kukagua kama kilichomo kimeharibika njiani. Basi. Hakuna kupeana salamu kwanza, hakuna ahadi ya kufika. Ni bahasha unayompa kondakta wa basi la mkoani. Ikipotea njiani, hakuna atakayekupigia simu.

Jaribio la kwanza nililifanya ndani ya laptopu: seva ndogo inayorudisha kila inachopokea, na mteja wa mistari sita. Vikafanya kazi mara moja. Nilipohamia mtandao wa simu, programu ikaganda. Pakiti moja ilipotea, na recvfrom, amri ya kupokea, ikakaa inasubiri jibu ambalo halipo, dakika kumi nzima, huku joto haliandikwi. Dawa yake ni settimeout, kikomo cha kusubiri. Niliweka sekunde 3, jibu lisipokuja inaendelea na kazi nyingine na kujaribu tena baadaye. Hapo mwanzo nilikuwa naipa ijaribu kila sekunde 2, nikaacha baada ya kusoma RFC 4330, hati ya NTP iliyorahisishwa: mteja haruhusiwi kabisa kuuliza kwa nafasi ya chini ya sekunde 15. Ni haki, maana seva nyingi za saa zinaendeshwa na watu wanaojitolea.

Pakiti ya swali ina baiti 48:

alama = os.urandom(8)
pakiti = b'\x23' + 39 * b'\0' + alama

Baiti ya kwanza inasema toleo la 4, na kwamba anayeuliza ni mteja. Jibu linakuja na baiti 48 vilevile, na sekunde za saa ziko kuanzia baiti namba 40, ukihesabu kutoka sifuri:

sekunde = struct.unpack('!I', jibu[40:44])[0]

Hiyo alama ya mshangao ni muhimu kuliko inavyoonekana. Inaiambia Python isome baiti kubwa kwanza, mpangilio wa mtandao. Bila hiyo unapata namba isiyo na maana yoyote.

Kosa lililonichelewesha zaidi lilikuwa la kalenda. NTP inahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1900, Linux, mfumo unaoendesha Pi, tangu mwanzo wa 1970. Nilitaka kuipata tofauti mwenyewe: miaka 70 mara siku 365, ongeza siku moja kwa kila mwaka mrefu, wenye siku 366. Nilihesabu 18. Saa na dakika zikatoka sawasawa, tarehe ikawa ya jana. Nilizunguka kwenye mambo ya saa za kanda jioni nzima, nikijumlisha na kutoa saa tatu zetu, kumbe mwaka 1900 haukuwa mrefu: unagawanyika kwa 100 lakini si kwa 400. Ni 17. Siku 25,567 mara sekunde 86,400 ni 2,208,988,800. Toa hiyo, tarehe inakaa.

Na ile alama ya nasibu mwishoni mwa swali? Niliiweka baada ya kuona jibu lililochelewa likipokelewa kama jibu la swali jipya. Seva huinakili alama yako kwenye baiti namba 24 hadi 31 za jibu. Isipofanana, nalitupa. Pia nalitupa jibu ambalo baiti yake ya pili ni sifuri, kwa sababu hapo seva haikupi saa, inakukatalia.

Ucheleweshaji wa mtandao sikuushughulikia. Nusu sekunde hailisumbui yai.

Wiki mbili baadaye umeme ukakatika tena, na safari hii nilimpigia shangazi mimi. Shikamoo, nikamwambia: ulikatika saa 9:41 usiku, ukarudi saa 11:06, joto lilifika chini kabisa nyuzi 32.8.

"Ngoja nichukue daftari," akasema. "Rudia polepole."