Si vidonda vya tumbo, ni tegu wa mbwa

Mwaka mzima nilimeza dawa za vidonda vya tumbo, na maumivu chini ya mbavu za kulia yakabaki palepale. Sisi Waturkana tunakua na mbwa nyumbani, ila hakuna aliyeniuliza habari zao hadi nilipopigwa altrasaundi Lodwar: kifuko cha maji ndani ya ini, sentimita 7. Tegu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, nasi tunayameza bila kujua.

Daktari alinionya nisikubali kifuko kichomwe sindano ovyo, maana maji yale yakimwagika mwilini, mzio wake unaweza kuua. Nikaanzishiwa albendazoli miligramu 400 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri. (Ndiyo ileile ya minyoo ya watoto, ila wao humeza mara moja tu!) Ndipo wakanichoma wakiangalia kwenye altrasaundi: wakafyonza maji, wakaingiza maji ya chumvi kali, wakangoja, wakafyonza tena. Vidonge viliendelea mwezi mzima, huku damu ikipimwa.

Kifuko kimesinyaa. Maini ya mbuzi yenye malengelenge sasa tunayafukia, mbwa hawayaoni, maana wakiyala ndipo wanapopata tegu.