Macho yalipofunguka

Jana usiku mvua ilipiga hapa Mwanga, Kigoma, mpaka umeme ukakatika, laptop ilikuwa imebaki na chaji asilimia 40 hivi, nikasema ngoja niangalie tena ile filamu ya Chris Marker, Mfaransa, La Jetée ya mwaka 1962. Yenyewe ni dakika 28 tu. Mdogo wangu akaja kukaa pembeni yangu, haikupita muda akaniambia, "Dada, imeganda hiyo."

Haijaganda, ndivyo ilivyo. Karibu yote ni picha za mnato nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, na sauti ya mtu anasimulia. Kuna jamaa alipokuwa mtoto aliona sura ya mwanamke uwanja wa ndege wa Orly pale Paris, sura hiyo haikumtoka tena, sasa vita imeteketeza mji watu wanaishi chini ya ardhi na yeye ndiye wanamtuma arudi zamani kwa sababu kumbukumbu yake imeng'ang'ania. Mdogo wangu akaenda kulala. Mi nikabaki nasubiri sehemu yangu, yule mwanamke yuko kitandani, picha zinabadilika taratibu, ndege wanalia, halafu ghafla anafungua macho. Anapepesa kweli, picha inatembea! Sekunde chache tu, ni mara hiyo moja filamu nzima. Mwili ulinisisimka kama siku ya kwanza.

Baba ana picha 3 tu hapa nyumbani na zote kasimama wima kama anangoja kuitwa jina. Kinachotembea kichwani mwangu ni kimoja. Jioni, ufukweni Kibirizi, siku za giza zisizo na mbalamwezi ndo walikuwa wanaingia ziwani kuvua dagaa, anahemea kioo cha karabai, anakifuta na kitambaa, anakiinua kwenye jua linalozama kule Kongo, anaona bado, anakifuta tena palepale. Basi. Hapo inakata.

Watu wanasema hizi filamu za polepole hazina stori, mi naona zinakuachia nafasi ukae na ya kwako. Tarkovsky, yule mwongozaji filamu Mrusi, kwenye Zerkalo ya 1975 (maana yake Kioo) alijenga upya nyumba ya utoto wake palepale ilipokuwa, na mama yake mzazi yumo, ni mzee tayari. Namwelewa kabisa. Ningekuwa na uwezo ningeirudisha ile jioni, mchanga na magamba ya dagaa yakiwaka, nisimwambie mtu aseme neno.

Asubuhi nikamuuliza mama, hivi baba alikuwa anafutia kioo mkono gani? Akaacha kuchambua dagaa, akafikiria.

"Wa kushoto. Baba yako si alikuwa mashoto?"

Miaka yote hii, kichwani mwangu, kitambaa kiko mkono wa kulia.