Laptopu mpya, diski ya zamani na waifai iliyogoma

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hapa Sinza, Dar es Salaam. Siku hizi mteja hataki kuletewa flashi. Anataka kiungo kwenye simu, ili shangazi aliye Muscat na kaka aliye Mwanza waone siku hiyohiyo. Ndiyo maana wiki niliyonunua laptopu mpya nilikaribia kulia. Video ya gigabaiti 6, ambayo laptopu yangu ya zamani iliipakia kwa chini ya saa moja kwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, hii mpya ilihangaika nayo usiku kucha, na alfajiri nikakuta imekatikia njiani.

Simu yangu, mezani palepale, ilipima 18. Laptopu ilipima 2.

Nikaita fundi wa intaneti. Nilipanga vitu vyangu vizuri, diski yangu ya nje ya kuhifadhia video nikaitia kwenye droo, akapima kwa laptopu yangu mwenyewe: 17. "Dada, laini yako haina shida," akaniambia. Jioni nikarudi kazini, 2. Niliumia nikaona amenipuuza. Nikaibeba laptopu hadi dukani Kariakoo, wakaiwasha mbele yangu, ikakimbia vizuri tu.

Nikasasisha draiva ya waifai, yaani programu inayoiendesha, kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji, nikasimamisha masasisho ya Windows, nikazima hali ya kubana umeme. Ni mambo ya kuangalia kwa yeyote mwenye tatizo hili, ila kwangu hayakusaidia kitu. Kisha nikaandika amri "netsh wlan show interfaces" kwenye dirisha la amri la Windows. Ikanionyesha niko chaneli ya 6, yaani masafa ya gigahezi 2.4, na nguvu ya mawimbi zaidi ya asilimia 80. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi: mawimbi yamejaa tele, kasi hakuna.

Aliyenifumbua macho ni mausi. Mausi yangu haina waya, na usiku mmoja nikiwa nakata kipande cha bibi harusi akiingia ukumbini, mshale ukawa unakwama, unaruka, unakwama tena. Nikatazama pembeni. Diski ya nje nilikuwa nimeiegemeza nyuma ya kioo cha laptopu, waya wake mfupi kama kiganja, taa yake inapepesa. Taa ikitulia, mshale unatembea. Ikipepesa, unakwama. Nikaichomoa, nikapima: 17. Nikaichomeka, nikaanza kunakili faili, nikapima: 2. Nilirudia mara tano, nikiandika kwenye daftari la oda, maana sikuamini.

USB 3, aina ya matundu ya laptopu mpya nilimochomeka diski, hupitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo huvujisha kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na waifai na mausi nyingi zisizo na waya. Intel waliliandikia waraka mwaka 2012. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na matundu ya USB 2 tu, aina ya zamani yenye kasi ndogo, hivyo diski ileile ilikuwa ikifanya kazi taratibu bila kelele hizo. Nilipopata matundu bora, ndipo tatizo lilipoanza. Tena antena za waifai kwenye laptopu nyingi zimefichwa kwenye fremu ya kioo, pale pale nilipoegemeza diski. Siku ya fundi ilikuwa kwenye droo. Kariakoo sikwenda nayo.

Nilinunua waya wa mita 1 wenye kinga nzuri, diski nikaihamishia mwisho wa meza. Kasi ikapanda hadi 11. Bado haikunitosha, maana kazi yangu inategemea kupakia. Ruta ilikuwa sebuleni, kuta mbili za tofali kutoka chumba changu, na mawimbi yake ya gigahezi 5, ambayo yako nje ya kelele hizo, hayapenyi kuta vizuri, ndiyo maana laptopu ilikuwa inakimbilia 2.4. Ruta nikaihamishia koridoni, nikayapa masafa ya gigahezi 5 jina lake la mtandao peke yake, nikaunganisha laptopu huko. Sasa inapima 18, diski ikiwa inafanya kazi.

Jumamosi iliyofuata nilianza kupakia harusi nyingine saa 10 alasiri. Kabla ya saa 11 mama wa bibi harusi akanipigia: "Mwanangu, mbona nimejiona nalia?"