Ufuko wa Pili wa Bab el-Mandeb

Mnamo Januari 2024 nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, Kurasini. Siku chache baada ya Sikukuu ya Mapinduzi tuliarifiwa kwamba meli iliyobeba kontena la vipuri vya mashine za kufuma, kutoka Genoa, haitapita Mfereji wa Suez, kwa sababu meli zilikuwa zikishambuliwa katika Bahari ya Shamu. Ingetokea Mlango wa Gibraltar, iteremke pwani yote ya Afrika Magharibi, izunguke Rasi ya Tumaini Jema, ndipo ipande kuja Dar es Salaam.

Mwenye mzigo, mama mwenye karakana ya nguo Buguruni, alifika ofisini asubuhi ileile. Hakugomba. Alimwamkia mzee wetu, baharia mstaafu aliyekuwa akitushauri mambo ya meli, kisha akamuuliza: "Baba, nasikia pale Djibouti wapo Wafaransa, Wamarekani, Wajapani na Wachina. Majeshi yote hayo yamekaa mlangoni, yanalinda nini ikiwa meli ya mizigo haiwezi kupita?"

Mzee alitandaza ramani juu ya meza. Bab el-Mandeb, mlango wa bahari kati ya Djibouti na Yemen unaoingia Bahari ya Shamu, alieleza, ina upana wa kilomita 30 hivi, na kisiwa cha Perim kinaigawa mara mbili, kwa hiyo meli kubwa hufuata mkondo wa magharibi, ulio mpana zaidi. Takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia ilikuwa ikitegemea njia hiyo ya kwenda Suez kabla ya mashambulizi. Ndiyo maana Wafaransa walibaki Djibouti hata baada ya uhuru wa mwaka 1977, Wamarekani wakaichukua Kambi ya Lemonnier, Wajapani wakafungua kituo cha kijeshi mwaka 2011, na Wachina wakafuata mwaka 2017.

"Lakini tazama, mwanangu, wote wako ufuko mmoja," alisema, akiweka kidole upande wa Yemen. Kuanzia mwaka 1839 hadi 1967 Mwingereza aliishika Aden, na Perim pia ilikuwa mkononi mwake, hivyo mwenye kituo ndiye aliyekuwa pia mwenye pwani ya pili. Sasa sehemu ya pwani hiyo, juu zaidi kuelekea bandari ya Hodeidah, ilikuwa ya Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, ambao tangu Novemba 2023 walikuwa wakizishambulia meli kwa makombora na ndege zisizo na rubani, wakisema wanaitetea Gaza.

Nilimwambia kwamba kituo bado kina thamani kubwa, na hadi leo ninaamini hivyo. Maharamia wa Kisomali, ambao wakati wao hata meli zinazokuja kwetu zilikuwa hatarini, walitumia mashua ndogo, na manowari zilizopata mafuta, chakula na matengenezo Djibouti ziliweza kuwafuata baharini na kuwakamata. Mzee alikubali, ila akanikumbusha kwamba kombora halingoji kufuatwa, kwani linatoka nchi kavu na meli ya mizigo haina pa kujificha katika maji membamba kiasi kile. Tena kituo ni ardhi ya mwenyeji: anayekikodi hawezi kukitumia kwa kila vita anavyotaka. Ndege za Uingereza zilizoshambulia Yemen usiku wa kuamkia Mapinduzi zilipaa kutoka kambi ya Uingereza yenyewe ya Akrotiri, Cyprus, mbali sana na hapo.

Mama alisikiliza yote hayo kwa makini kuliko sisi sote. Halafu akauliza jambo ambalo nadhani lilistahili kuulizwa mahali pakubwa kuliko ofisi yetu: katika majeshi yale yote mlangoni, ni lipi lililowekwa na nchi zinazopokea mizigo pwani hii ya Afrika Mashariki? Hakuna, mzee alijibu. Djibouti inapata kodi ya pango, mataifa makubwa yanapata mahali pa kulinda njia zao, na sisi tunapandishiwa nauli ya shehena mlango ukifungwa.

Mama alikubali kulipa ada ya nyongeza. Kontena lake la pili lilikuwa bado halijapakiwa, akaniagiza niombe liletwe kwa njia ya Rasi tangu mwanzo, ili awapangie mafundi wake kazi kwa tarehe anayoweza kuiamini. Barua hiyo niliiandika kabla ya ofisi kufungwa.