Mishumaa ya Yatima

Jana binti yangu aliniuliza kwa nini kila anayebisha hodi akiuza bidhaa kwa niaba ya kituo cha yatima huwa namwomba kwanza leseni ya kituo. Nilimweleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayataka makao ya watoto yawe na leseni. Jibu hilo ni la kweli, lakini sababu yangu ni ya zamani kuliko sheria.

Mwaka 2006, ukame ulipoyapunguza maji ya Bwawa la Mtera na umeme ukawa wa mgao, nilikuwa kidato cha nne, nikijisomea kwa kibatari nyumbani kwetu Tabata. Alikuja kijana mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri, akamwamkia mama shikamoo, kisha akamwonyesha daftari lenye majina ya majirani waliokwisha kuchangia. Alisema mishumaa ile imetengenezwa na watoto wa kituo na fedha zote zitawalipia ada. Mama, aliyefiwa na wazazi wake angali mdogo, hakuomba apunguziwe bei. Alitoa fedha ya mboga, akapewa risiti yenye mhuri.

Usiku ule niliwasha wa kwanza. Ulikuwa mnene, mweupe, umefungwa utepe mwekundu. Sikumaliza hata kurasa tatu kabla mwali haujaanza kudidimia, ukazama ndani ya nta iliyoyeyuka na kuzimika. Mama akachukua kisu akachimba kuutafuta utambi, asiuone, kwa kuwa ulichomekwa juu tu, urefu usiozidi kidole, na chini yake ilikuwa nta tupu mpaka kitakoni. Akakata wa pili, akakata wa tatu, akivipanga vipande mezani kimoja kimoja, na yote ilikuwa vivyo hivyo. Hakulaani. Aliuliza tu, "Sasa hao watoto wapo kweli?"

Simu iliyoandikwa kwenye risiti haikupatikana, na mjumbe wetu hakuwahi kukisikia kituo hicho.

Fedha hazikuniuma sana. Kama mishumaa ingekuwa imepinda kwa sababu imemiminwa na mikono ya watoto, tungeipenda hivyo hivyo. Lakini kufupisha utambi mahali pasipoonekana ni kazi ya mtu mzima aliyekusudia. Hata hivyo, mama aliendelea kununua kila kilicholetwa mlangoni kwa jina la yatima, bila kudai karatasi yoyote, nami mpaka leo siwezi kusema kwamba alikosea.